Siku Nilipomweka Mama-Mkwe Juu ya Samaki

Ndugu zangu, yule mtu ni mimi. Yule anayetajwa hapa Katuba kila kijana anapokwenda kupeleka mahari, wazee wakimwonya, "Kaa chini, tulia, usifanye kama Kasongo wa samaki," basi Kasongo wa samaki ndiye huyu mnayemsikiliza, na samaki sijauza hata siku moja, mimi ni mwalimu wa jiografia. Aibu yenyewe nimeibeba muda mrefu, imenizoea na mimi nimeizoea, ila nimechoka kusikia watu wakiongeza chumvi (wapo wanaosema nililia, jamani, sikulia, ile ilikuwa barafu inayeyuka), kwa hiyo leo nitawasimulia mwenyewe, na mkicheka mcheke polepole, mke wangu yuko chumba cha pili.

Ulikuwa mwaka ule vita vilipoingia Goma. Mnakumbuka: uwanja wa ndege ukafungwa, banki zikafungwa, barabara hazipitiki, na watu wenye ndugu kule wakawa wanaishi na simu mkononi. Mchumba wangu Kavira alikuwa mmoja wao. Yeye alikuwa hapa Lubumbashi kwa baba yake mdogo, Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo anayeuza kwa jumla samaki wa barafu, wale tunaowaita tomson, na depo yake iko nyuma ya nyumba, ndani yake kuna chumba cha baridi ambacho ukiingia unatoka na meno yanagongana. Lakini mama yake, Mama Masika, alikuwa amebaki Goma. Baba alishafariki zamani, kwa hiyo neno la mwisho la kumtoa binti lilikuwa la mama, na Papa Kambale hakutuficha.

"Bitu ya mahari miye nitapokea," alituambia siku tuliyokwenda kubisha hodi. "Lakini ile 'ndiyo' itatoka ku kinywa ya mama yake. Tumuone na tumusikie. Kama hapana, tutangoja vita iishe."

Sasa vita kuisha, nani anajua siku yake? Tukakubaliana kwamba siku ya mahari mama atakuwa nasi kwa video. Kavira, ambaye ana akili kuliko mimi (nimekubali, tuendelee), alisema, "Tutumike na telephone yangu, inatosha." Mimi nikasema hapana. Nilitaka Mama Masika aonekane mkubwa kwenye ile televisheni ya Papa Kambale inayojaza ukuta, akae mbele ya wazee kama mtu aliyefika kwa miguu yake, na kwa kazi hiyo tutaunganisha kompyuta yangu ya mpakato. Ilikuwa nusu mapenzi, nusu kutafuta sifa, na sifa mbaya huwa zinaanza hivyo hivyo.

Tatizo ni kwamba kompyuta yangu ilikuwa mzee. Ukiiwasha asubuhi unaweza kuoga, kunywa chai, kugombana na jirani na kupatana naye, ukirudi bado inazungusha kile kiduara chake. Mwalimu mwenzangu akanishauri niiongezee memwari, nikashuka mjini nikanunua bareti yake, kijiti chembamba cha kuchomeka ndani, kidogo kuliko kidole. Muuzaji akaniambia, "Leta hapa mwalimu, nikuwekee." Nikamwambia asante, nitaiweka mwenyewe. Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipojichimbia shimo, kwa neno moja tu la majivuno. Nilikuwa nimetazama video kwenye simu, mtu anafungua, anachomeka, anafunga, anatabasamu, na nikajiuliza, mimi ninayefundisha watoto mito yote ya Afrika nitashindwa na visi, skrubu za kompyuta?

Nikaifungua juu ya meza ya chakula. Ndani kulikuwa na vumbi la kutosha kupanda mahindi, na feni yake ndogo ilinizuia mkono, nikaitoa, nikachomeka bareti, nikairudisha feni mahali pake vizuri kabisa, nikafunga. Ikabaki visi moja mkononi. Nikaitazama, ikanitazama, nikaitia mfukoni.

Nikawasha. Mungu wangu! Ilifunguka kabla sijakaa vizuri. Na kimya! Zamani ilikuwa inavuma kama mashine ya kusaga unga, sasa haisikiki hata kidogo. Nikampigia Kavira kwa furaha.

"Ile makelele yote imeisha," nikamwambia. "Memwari mupya inafanya haichoke tena!"

Furaha yangu haikumaliza filamu niliyoweka kuijaribu. Mara picha zikaanza kutambaa, sauti ikawa ya mlevi, kishale kikakataa kusogea. Nikaingia kule inakoonyesha memwari: imeongezeka, ipo yote. Nikafuta filamu, nikafuta michezo, nikafuta hata picha za harusi ya dada yangu (hajui mpaka leo, na nyie hamjui). Bado inatambaa. Nikaizima, nikaichomoa bareti, nikaisugua meno yake kwa kifutio cha penseli kama nilivyoona kwa mafundi, nikairudisha, nikawasha: inakimbia! Nikaenda kujisifu kwa jirani, kurudi inatambaa tena. Nikaizima kwa hasira, nikaenda kula bukari, ugali wetu, nikarudi nikaiwasha: inakimbia! Basi mimi, kwa elimu yangu yote, nikapata jibu, kwamba dawa yake ni kuizima na kuiwasha, na nikajiona daktari.

Kavira alipokuja kuiona akaweka kiganja juu yake, akakitoa haraka.

"Juu ya nini iko moto hivi? Unaweza kupigisha nguo pasi."

"Iko inatumika," nikamjibu. "Muntu mwenye anatumika njo anatoka jasho."

Akaniangalia tu. Lile jicho nalijua sasa, wakati ule nilikuwa bado silijui.

Kabla sijafika kwenye siku yenyewe, lazima niwaeleze kitu kimoja, maana kuna vijana hapa wamezaliwa na simu. Sisi watu wa kaskazini ya Katanga (babu yangu alitoka kule kuja kutandika reli) mambo ya ukwe, buko kama tunavyoita, hayachezewi. Mbele ya mama-mkwe mwanaume hainui macho, haongei, hatembei-tembei. Na kula mbele yake, hilo hata usilitaje, mpaka siku utakapompa mbuzi wa kuondoa haya. Tantine Ngoie, dada ya baba yangu, yule aliyenilea, alinifundisha wiki nzima kama mtoto wa katekisimu.

"Kasongo, siku ile weye ni jiwe. Jiwe hainaangalia bantu. Jiwe hainasema. Jiwe hainakula."

"Na kama kompyuta inasumbua, tantine?"

"Jiwe hainatengeneza ordinateur!"

Siku ikafika. Nilivaa suti, sikula tangu asubuhi kwa woga, nikakaa kwenye kiti changu sebuleni kwa Papa Kambale, salon kama tunavyosema, nikiangalia viatu. Kompyuta ilikuwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, waya umeenda kwenye televisheni, na Kavira yumo chumbani na wenzake akingoja kuitwa. Nikabonyeza, ikaita, na Mama Masika akatokea ukutani, mkubwa, amevaa kitenge kipya, majirani wamebanana nyuma yake kama watu wa kupiga picha ya shule. Salon nzima ikasimama. Vigelegele! Tantine Ngoie, mwanamke mgumu yule, alijifuta macho. Hata mimi jiwe niliiba jicho moja, nikaona ana pua ya Kavira kabisa, nikarudi kwenye viatu vyangu nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda mashindano.

Msemaji wetu akaongea, akatoa mithali, akaeleza tulikotoka na tulichofuata. Akamaliza kwa kusema, "Mama, mutoto yetu ameona ua mu bustani yenu. Munasema nini?" Mama Masika akavuta pumzi, akafungua mdomo kujibu, na picha ikaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba.

Tukangoja. Mdomo wazi. Tukangoja tena.

Jiwe likasimama. Nilisikia Tantine Ngoie akivuta hewa kwa meno, lakini ningefanyaje? Nikazima, nikawasha, nikapiga tena simu, mama akarudi, vigelegele, akafungua mdomo, akaganda. Nikazima, nikawasha, safari hii aliganda hata kabla ya vigelegele. Ile dawa yangu ya daktari ikawa inazidi kuisha nguvu. Na mnajua watu wetu, kila mmoja akawa fundi: huyu anasema ni virusi, yule anasema ni rezo, mtandao wa Goma, mzee mmoja anasema tuipige kidogo pembeni kama redio ya zamani, na mama mmoja wa kwaya akaanzisha wimbo wa kufukuza pepo, wenzake wakamwitikia kwa sauti tatu, vizuri sana kwa kweli.

Papa Kambale akaweka chini glasi yake.

"Bakwe, hakuna mutu mubaya hapa," akasema kwa upole, na ule upole ndio ulioniogopesha. "Lakini neno ya mama haijatoka. Tutawarudishia bitu, tutangoja vita iishe."

Mlango wa chumbani ulikuwa wazi kidogo. Nikamwona Kavira, amepambwa, amependeza, na macho yamejaa maji. Simu yake? Nilikuwa nimeiomba ili kompyuta ipate intaneti kwake, na vile nilivyopiga na kupiga tena, vocha ilikuwa inaelekea ukingoni, na betri hivyo hivyo. Ikizimika hiyo, basi. Sijawahi kujiona mjinga namna ile.

Nikashika kompyuta, ikaniunguza vidole. Na hapo, kati ya wimbo wa pepo na harufu ya samaki inayotoka uani, wazo likanijia: kama ni moto, si tuna chumba cha baridi? Nikachomoa waya wa televisheni, nikachukua kompyuta mkono mmoja na simu ya Kavira mfukoni, nikatoka mbio. Mama Masika bado alikuwa ameganda kwenye kioo na mdomo wake, kwa hiyo nikajua laini imekatika, hanioni wala hanisikii. (Kumbukeni hilo. Nilijua kabisa.)

Uani akina mama walikuwa wanapakua chakula. Mmoja anamwambia mwenzake, "Ule mama mwenye ameganda mu televizio, na ile mudomo, angeweza kumeza ndizi nzima," wakacheka, nikapita nao nikiwa nimemkumbatia yule mama mwenyewe kifuani, kioo kikitazama mbele. Juu ya meza kulikuwa na sahani ya kuku wa Papa Kambale, na juu ya kuku, kama taji, firigisi. Nanyi mnajua firigisi ni ya nani. Siku ya mahari firigisi ni ya baba wa binti, hata mtoto mdogo haigusi. Lakini tumbo langu lilikuwa tupu tangu asubuhi, na mkono mmoja ulikuwa hauna kazi. Niseme nini zaidi? Ulikwenda wenyewe.

Nikaingia chumba cha baridi, nikaweka kompyuta juu ya katoni ya tomson, kioo kikinitazama, nikatafuna. Na nikaanza kuongea nayo, kwa sababu mtu akifika pale hana mwingine wa kuongea naye.

"Weye mashini, nisikilize," nikasema, na mdomo umejaa. "Miye usinihurumie, miye ni mujinga. Lakini ule mama iko peke yake kule, mu vita. Binti yake analala na telephone ku sikio juu ya kusikia kama mama iko anapumua. Leo nilitaka ule mama akae na shiye ku kiti ya mbele, aone bantu banamupigia vigelegele. Saa moja tu. Nisaidie saa moja tu, nitakutunza mpaka uzeeke." Nikapiga magoti pale kwenye barafu, mbele ya samaki, na suti yangu.

Ndipo jicho la Mama Masika likafumbuka, na mdomo ukafunga.

Kisha nikasikia kicheko. Si kicheko cha mtu mmoja, ni cha chumba kizima cha Goma, watu wanapiga mapaja, watu wanaangukiana. Nikabaki nimepiga magoti, shavu limevimba kwa firigisi.

"Mutoto yangu," akasema Mama Masika, "meza kwanza."

Nikameza. Haikupita vizuri.

Kumbe kuganda kulikuwa kwetu tu! Kioo chetu kilikufa, lakini wao walikuwa wanatuona kwa kurukaruka na kutusikia wazi kabisa tangu mwanzo: wimbo wa pepo, ndizi nzima, mkono wangu ukienda kwenye sahani, yote. Kwa dakika ile moja nilikuwa nimemwangalia mama-mkwe usoni, nimeongea mbele yake, nimekula mbele yake, na nilichokula ni firigisi ya shemeji yake. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuvunja buko yote kwa mpigo kama mimi.

"Ile firigisi si ilikuwa ya Kambale?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Iko na chumvi ya kutosha?"

"Ndiyo, mama."

Wakacheka tena, yeye akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, halafu sauti yake ikabadilika. "Tangu vita iingie humu hatujachekaka. Hawa majirani unaona, kila mutu ako na yake ku roho. Leo tumecheka mupaka tumesahau." Akasogea karibu na kioo. "Na yale maneno ulikuwa unaambia mashini, ni ya kweli?"

Nikasema ni ya kweli.

"Basi nirudishe kule ku batu."

Sasa hapo akili ilinirudia. Kompyuta inakufa kwenye salon na inafufuka kwenye samaki, basi tatizo si memwari, ni joto, na ikitoka hapa itaganda tena. Kwa hiyo sikuitoa kwenye samaki. Nilifunika katoni kwa plastiki, nikaibeba yote pamoja, katoni na kompyuta na mama-mkwe juu yake, nikapita mbele ya akina mama wa uani (yule wa ndizi alijificha nyuma ya sufuria), nikaingia salon nikaiweka juu ya kile kitambaa cheupe. Nikachomeka waya wa televisheni. Maji ya samaki yakaanza kudondoka, to, to, to, na harufu ikatembelea kila kiti, lakini Mama Masika alitokea ukutani anang'aa, hagandi hata kope.

Na akasema yote. Hakuacha kitu. Papa Kambale akaitisha sahani yake, akafunua, akaona pale pa firigisi pametoboka. Tantine Ngoie akajifunika kichwa kwa kitenge, na kutoka humo ndani ikasikika sauti yake: "Jiwe imekula firigisi!"

Papa Kambale alijaribu kukunja uso, nilimwona akijaribu, lakini tumbo lilimsaliti, likaanza kutikisika, na akicheka yeye nani atabaki? Hata mzee wa kupiga redio alikohoa mpaka akapewa maji.

"Nisikilizeni," akasema Mama Masika. "Jibu yangu ni ndiyo. Mutu mwenye anapiga magoti ju ya mutu mwenye hajamuonaka na macho, binti yangu atakaa kwake muzuri. Lakini ile mbuzi ya haya haitaenda kwa Kambale. Iko yangu. Na hatamutuma mutu. Ataniletea yeye mwenyewe, na mikono yake, hapa ku mulango yangu, siku njia itafunguka."

Hakuna aliyepiga kigelegele mara moja. Sote tulielewa anachokisema: kwamba njia itafunguka, na kwamba itamkuta yupo. Kavira alitoka chumbani bila kuitwa, akaenda kusimama mbele ya televisheni, akaweka kiganja kwenye kioo, juu ya uso wa mama yake, na hapo ndipo vigelegele vilipopasuka, mpaka wateja wa depo wakaja kuuliza kuna nini.

Kesho yake niliifungua kompyuta, nikaona kile kijiwaya cha feni kimelala pembeni kama mtu wa likizo, hakikuchomekwa. Siku zote zile feni haikuzunguka hata mara moja, na mimi nausifu ukimya wake! Nikakichomeka, na ile visi ya mfukoni nikairudisha mahali pake. Ikaanza kuvuma tena kama mashine ya unga, na haikutambaa tena. Kavira akaweka kiganja juu yake, akasema, "Sasa haitoke jasho tena?" Nikarudi kuangalia viatu vyangu, nilikuwa nimeshalijua lile jicho.

Basi nimeapa. Kazi ya fundi nimewaachia mafundi, na turnevisi, ile bisibisi yangu, nimempa jirani. Mkinikuta nafungua hata redio, nipigeni mkono. Mbuzi wa haya tulimnunua wiki ile ile, jike jeupe, yuko Kasungami kwenye shamba la Tantine Ngoie, na amekwisha zaa, na watoto wake wanaelekea kuzaa, maana njia bado haijafunguka. Kila Jumapili Mama Masika anapiga simu (kwenye telephone ya Kavira, ambayo inatosha), na kabla ya kuuliza habari za binti yake anauliza habari za mbuzi wake, na mimi namwonyesha picha, na tunacheka, halafu tunaulizana habari za njia.

Na firigisi siigusi tena. Kavira huniwekea kwenye sahani kwa uchokozi, namrudishia. Nitaila Goma, nimekaa mbele ya mama-mkwe, mbuzi nimeshamfunga mlangoni kwake, na safari hiyo nitatafuna polepole.